Maranda ya Kuku wa Bi Zuwena

Nimetoboa ukuta wa jirani. Tundu linapitisha ngumi, na sikulitoboa kwa ugomvi, nimelitoboa kwa ujinga. Nilitaka kulirudisha banda letu la gari liwe karakana ndogo ya useremala kama lilivyowahi kuwa zamani, nikaunda benchi la kazi la mbao nene. Kijana mmoja kwenye video za simu alisema benchi likicheza, kila kitu utakachotengeneza juu yake kitakuwa pogo. Nikaona dawa ni moja: nikavunja sakafu, nikasimamisha miguu ya benchi, nikaimwagia zege. Zege likakauka vizuri sana. Ndipo nikafunga jiriwa, lile bano la chuma linaloukaba ubao ili usikimbie, nikalifunga pembeni kabisa ya benchi, nikakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nikashika mpini wake niuzungushe kwa mara ya kwanza. Ukaenda nusu duara, ukagonga ukuta.

Mtu mwenye akili angefungua nati akalihamisha jiriwa. Mie nilikuwa nimeshachoka na nati, na benchi ndiyo hivyo tena, limezikwa. Nikachukua tindo, nikasema nipunguze ukuta kidogo tu mpini upate kupita. Sasa hizi tofali zetu za Kijichi, mchanga mwingi, saruji ya kuonjesha. Nikagonga, nikagonga, kipande kikaangukia upande wa pili, mwanga ukaingia, na pamoja na mwanga ikaingia sauti.

"Eliza, hicho chuma kinachochungulia uani kwangu ni cha nini?"

Nikamwamkia shikamoo Bi Zuwena, jirani yetu wa nyuma, nikiwa nimeinama usawa wa tundu kama mtu anayeungama. Nikamweleza kwamba ni mpini wa jiriwa. Akauliza kama ni lile la baba yangu. Nikasema ndilo. Akanyamaza. Kwa Bi Zuwena, kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni.

Nilipogeuka kuokota vumbi la aibu yangu, nikaona nimesahau kulifungua sanduku la zana za baba. Nikalifungua. Juu kabisa ilikuwa randa yake, ile ya mwili wa mbao, na kwenye mshikio wake bado kulikuwa na kipande cha khanga kimefungwa, kimefubaa hata ua lake halitambuliki. Nikaigeuza. Mdomoni mwake kulikuwa kumekwama randa moja, lile ganda jembamba la mbao linalojikunja, la mninga. Nikalinusa. Sikuweza kufanya kazi tena siku ile.

Miaka mingi nyuma, nilikuwa ndio nimeanza shule, na baba yangu alikuwa karani wa ofisi moja ya mjini, mtu mwenye mwandiko ambao watu walitoka mpaka Mbagala kuufuata. Kadi za harusi za mtaa mzima aliandika yeye. Walokole, Waislamu, wote walikuja na kadi zao, na baba aliandika majina ya watu asiowajua kwa heshima kama anaandika ya mkwewe. Halafu akapigwa na kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali mdomo ulikuwa umevutika upande mmoja, maneno yanatoka yamelowa, na mkono wa kulia aliuweka pajani kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie. Gari letu dogo liliuzwa wakati wa matibabu. Banda likabaki tupu, na doa la oili katikati ya sakafu, mahali ambapo mimi niliendelea kupita kwa pembeni kana kwamba gari bado lipo.

Watu walikuja kumpa pole. Walikaa sebuleni, baba yupo palepale kwenye kochi, nao wakamuuliza mama kwa sauti ya chini: anakula? Analala? Anatambua watu? Mama akajibu, baba akatazama dirisha. Wakiondoka walinishika kichwa. Baada ya muda baba akaacha kuja sebuleni. Akahamia kitandani, akaugeukia ukuta, na nyumba nzima tukaanza kutembea kwa vidole.

Mama hakuwa mtu wa vidole. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwake mtu aliyelala saa tatu asubuhi alikuwa mtoro tu, awe na cheti cha daktari au asiwe nacho. Jumamosi moja akanichukua tukaenda Keko. Mie nilidhani tunakwenda kununua kitanda, maana nilichokijua kuhusu Keko ni vitanda na makochi yaliyopangwa kando ya barabara, yamefunikwa nailoni, yanasubiri nyumba. Mama akapita vitanda vyote. Akasimama mbele ya fundi mmoja mwenye penseli sikioni akamwambia anataka zana za mtu ambaye mkono mmoja hauna nguvu na wa pili haujui kazi. Fundi akacheka kidogo kwa adabu, akauliza huyo mtu anataka kutengeneza nini.

"Chochote," mama akasema. "Hata akitengeneza takataka tupu nitashukuru."

Tukarudi na jiriwa kuukuu, zito kama mbuzi. Hilo lilikuwa la kwanza, na wapita njia walitucheka, maana nani anaanza useremala kwa jiriwa bila hata nyundo? Lakini fundi alikuwa ameelewa. Mtu wa mkono mmoja hawezi kushika ubao na kuukata wakati huohuo. Lazima awepo wa kumshikia. Jumamosi zilizofuata zikaja randa, msumeno, patasi iliyochongwa upya, skwea ya chuma ya kupimia pembe, na kila mara fungu la vipande vya mninga vilivyobaki kwenye vitanda vya watu. Benchi mama aliligongea mwenyewe kwa mbao za kenchi, zile za kubebea paa. Lilikuwa pogo. Nadhani hapo ndipo ugonjwa wangu wa kuogopa benchi linalocheza ulipoanzia.

Sasa nieleze nilichokiona kila asubuhi, jinsi nilivyokiona kwa macho yale. Mama anamwamsha baba, baba anakataa kwa mkono. Mama anamkalisha, anamvisha shati la ofisini, kwa sababu alisema huwezi kwenda kazini na fulana. Anamkokota mpaka bandani. Kisha anachana kipande cha khanga, anauchukua mkono wa kulia wa baba, anaulaza juu ya randa, na anaufunga. Anazungusha, anazungusha, anakaza fundo kwa meno. Halafu anarudi ndani, anafunga chumba cha kulala kwa kufuli, anatia ufunguo kwenye pochi, ananiambia: "Eliza, baki na baba yako. Asilale." Anakwenda zake shuleni kufundisha.

Mie nilikuwa nasoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zote nilikuwa hapo. Na nilikuwa nimeshafikia uamuzi wangu: baba alikuwa amefungwa. Sikujua alichofanya, ila niliona amefungwa kwa kamba kazini, mlango wa kulala umetiwa kufuli, na mimi mtoto wake nimepewa uaskari magereza. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimlinda, huku moyoni nikimwomba radhi. Baba alisukuma randa. Ikakwama. Akaivuta, akasukuma. Mkono wa kushoto ndio uliosukuma hasa. Wa kulia ulikwenda tu kama abiria. Jasho lilimtoka kwenye kola ya lile shati la ofisini, na kuna asubuhi alisimama katikati, akauegemeza uso kwenye ubao, na akakaa hivyo muda mrefu. Sikuthubutu kusema kitu. Askari hasemi.

Na kama hiyo haitoshi, gereza lilikuwa na mnyapara.

Wakati huo ukuta wa nyuma wa banda ulikuwa na tofali za matundu za kupitishia hewa, na ng'ambo yake ndiko Bi Zuwena alikofugia kuku wa nyama. Alikuwa mwanamke mweupe, mfupi, wa familia ya wenye duka la siku nyingi pale sokoni, ambaye hata akikusalimia ungedhani umemkanyaga. Huyu hakuja kutoa pole. Siku chache tu baada ya randa kuanza kulia, macho yakatokea kwenye matundu, na ile sauti. Akataka kujua maranda ya humo ndani yanakwenda wapi. Baba akamtazama. Hakuwa amezoea tena mtu kumuuliza yeye. Bi Zuwena akasema kuku wake wanalalia saruji tupu, miguu inawavimba, na hapa mtu anamwaga maranda chini kama hana majirani. Kuanzia kesho, akasema, nataka gunia.

Ikawa ndiyo ada. Saa nne hivi, kabla hata sijanywa chai, macho yanatokea tunduni.

"Baba Eliza, maranda yangu yako wapi?"

Baba anaonyesha chini, kifungu kidogo kisichojaza hata kofia. Bi Zuwena anasonya. Anasema haya ni ya vifaranga wangapi, au anataka kuku wapokezane kulala? Anasema mwanamume mzima tangu asubuhi umetoa maranda ya kujazia mto wa mwanasesere. Ananiamuru niyazoe nimpelekee, nami nazoa, nazunguka getini nikiwa na kijigunia changu, nimemchukia mpaka masikio yananiwaka. Nyuma yangu nasikia randa imeanza tena, kwa kasi kidogo, kwa hasira.

Ubao ukawa unapungua. Hilo nalo lilinitesa, maana nilikuwa nimejiaminisha kwamba katikati ya kifungo chake baba ananichongea dawati. Nilimwona akiuweka ubao kwenye jiriwa asubuhi, mnene, nikahesabu moyoni huu utakuwa uso wa dawati. Kesho yake ni mwembamba, nikasema basi ni ubavu. Baadaye ukafanana na rula. Siku moja haukuwepo. Ulikuwa wote umekwenda kwa kuku.

Hapo nikaona lazima nifanye kitu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: anachotaka mnyapara ni maranda, si ndiyo? Basi akipewa maranda ya kutosha, atamwachia baba apumzike. Pale njia panda kulikuwa na fundi aliyepasua mbao za paini kwa mashine, na lundo la takataka zake lilinizidi kimo. Nikamwamkia, nikamwomba. Akanijazia gunia zima la sembe, akanishangaa ninavyolikokota. Nililivuta njia nzima, nimeligeuzia mgongo kama punda, nafurahi peke yangu. Kichwani nilishamwona baba akilala. Nilishamwona mama akirudi na kukuta kazi imeisha.

Bi Zuwena alikuwa getini kwake anachambua mchele. Nikatua gunia miguuni pake nikasema maranda yako haya. Akalitazama gunia, akanitazama mimi. Akaingiza mkono, akatoa konzi, akanusa, akaiachia ikapeperuka.

"Haya siyo," akasema. "Haya yana vumbi, kuku watakohoa. Yarudishe ulikoyatoa."

Nikamwambia ni mengi. Akasema hata yangekuwa meli nzima. Nikaanza kulia, na kwenye kilio nikasema yote: kwamba baba ni mgonjwa, kwamba amefungwa, kwamba amwache. Akapandisha sauti. Akaniambia nisimfundishe kazi yake, na kwamba maranda ya kuku wake yanatoka kwenye randa ya baba yangu na si kwingine, na kama leo hakuna basi kuna mtu amekaa humo ndani anakodolea macho dari. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya lami. Leo nikilifikiria, naona hakuwa ananiambia mimi.

Geti letu likalia. Halikuwa limefunguliwa na baba tangu arudi hospitali. Alitoka ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto, mguu mmoja unachora mstari kwenye mchanga, shati la ofisini limejaa maranda, na kwenye mkono wa kulia, imening'inia, imefungwa na khanga ya mama, ile randa. Ilikuwa inamvuta bega. Wapita njia wakasimama. Mama muuza vitumbua akashika mdomo. Nikajua sasa ametoroka, na mimi askari wake ndiye niliyesababisha.

Alichukua muda kufika. Bi Zuwena hakumfuata, hakumpa mkono, hakumwambia pole wala taratibu. Alisimama na ungo wake wa mchele akimsubiri, kama mtu anavyomsubiri mtu yeyote anayekuja kumgombeza. Baba akafika, akahema, mdomo wake ukahangaika kutafuta neno la kwanza. Wote tulisubiri. Likatoka.

"Bi Zuwena. Mtoto usimfokee. Nifokee mimi."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema kwa mpigo tangu augue, na hayakuwa yamelowa sana.

"Nakufokea kila siku," Bi Zuwena akasema. "Leo ndio umesikia? Kaa hapo barazani, usije ukaniangukia na hilo dubwana."

Mama aliporudi akakuta banda liko wazi, ndoo yangu ipo, baba hayupo. Nilimsikia akiita mara moja tu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake wala sijaisikia tena. Alitoka mbio bila viatu. Akamkuta barazani kwa jirani, ameshika kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto, randa imelazwa pajani kama paka, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfungua. Bi Zuwena alikuwa anamlalamikia bei ya chakula cha kuku, na baba alikuwa anatikisa kichwa kama mtu ambaye naye ana maoni. Mama akashika nguzo ya geti. Akavuta pumzi. Halafu akasema kwa ile sauti yake ya darasani kwamba huyu naye, randa anatembea nayo mtaani kama mkoba, angalau angeifuta. Na akakaa chini palepale kwenye mchanga na nguo zake za kazini.

Kuanzia siku hiyo gunia alilipeleka baba mwenyewe. Mkono haukurudi ulivyokuwa. Kadi za harusi zikachukuliwa na watu wenye mashine. Lakini mkono ulifika mahali pa kushika kikombe, kufunga vifungo, kunishika sikio nikikosea. Khanga ikafunguliwa mkononi, ikabaki kwenye randa, alisema inazuia malengelenge. Dawati sikupata. Nilichopata ni rula, pana upande mmoja kuliko mwingine, na shule nzima mistari yangu ilipanda mlima. Zaidi ya hapo, katika miaka yote ya karakana yake, sikumbuki baba akikamilisha kitu kilichosimama bila kuegemezwa. Wala hakuna aliyemdai kitu hicho.

Alifariki nikiwa mtu mzima. Tukaziba yale matundu kwa sababu ya vibaka, banda likawa la kuwekea magunia ya mkaa, mama akahamia kwa mdogo wangu Morogoro, na mimi nikabaki na nyumba, maana kati ya watoto wote mimi ndiye nisiyependa kuhama hata kiti. Siku ile nilipolinusa lile ganda la mninga nikampigia mama. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: yeye ndiye aliyempanga Bi Zuwena? Walikubaliana, siku ile ya kwanza, kwamba aje tunduni adai maranda?

Mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema yeye na Bi Zuwena wakati huo hata chumvi walikuwa hawaazimani. Akasema aliporudi jioni akaambiwa jirani anataka maranda, aliingia chooni akalia kwa furaha, kisha Jumamosi akaenda Keko kuongeza mbao. Kuhusu moyoni mwa Bi Zuwena, akasema, nimuulize mwenyewe, yupo hai na masikio anayo.

Basi jana asubuhi nikaenda kwenye benchi langu lililozikwa. Nikaweka kipande cha mninga kwenye jiriwa, nikazungusha mpini, ukatoka uani kwa jirani, ukarudi. Nikachukua randa ya baba, nikasukuma. Ikakwama. Nikasukuma tena, likatoka ganda moja, likajikunja, likaanguka. Nilijua yupo, kiti chake siku hizi anakiweka palepale ukutani kwenye kivuli, na kuku alishaacha kufuga tangu magoti yaanze kumsumbua. Nikainama tunduni. Nikamwamkia. Nikasema Bi Zuwena, nina jambo nataka kukuuliza miaka yote. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza kama zile kelele zake zote, yale maranda, alikuwa anafanya makusudi ili baba yangu ainuke.

Nikasikia anahamisha kiti. Jicho moja likatokea kwenye tundu, limezungukwa na mikunjo, likakagua benchi, likakagua jiriwa, likashuka mpaka kwenye lile randa moja lililolala sakafuni peke yake.

"Mie nilikuwa nataka maranda," akasema. "Baba yako alikuwa mvivu hata kabla hajaugua, wote mkamwonea haya kumwambia kwa sababu ya ule mkono. Na wewe umemrithi. Ziba ukuta wangu."